Kobia na Dawa ya Pembe

Hapa Kiirua, huku Meru, ukitaja Kobia bila kusema Kobia yupi, watu hudhani unamtaja yule wa ndama. Ni mrefu, mkimya, ana mabega ya mtu aliyebeba magunia ya viazi tangu ujana wake. Kazi yake hasa ni shamba kama sisi wote: viazi, ngano kidogo, ng'ombe wachache wa maziwa. Lakini mtu akipata ndama, alikuwa akimwita Kobia aje amwondoe pembe kabla hazijaota. Siku hizi haitwi, na hata akiitwa haendi.

Mimi ni jirani yake, tumetenganishwa na ua tu. Nilifundisha shule ya msingi hadi nikastaafu, na watu bado wananiita Mwalimu, hata wale niliowachapa. Nasema hivi mapema ili ijulikane kwamba habari hizi sikuzisikia sokoni. Mengi niliyaona kwa macho, na ambayo sikuyaona niliambiwa na mke wake, na mke wake hajui kudanganya.

Kazi ya pembe iko hivi. Ndama mchanga hana pembe bado, ana vifundo viwili vigumu tu vilivyojificha kwenye manyoya. Unanyoa manyoya, unazungushia mafuta mazito ya kujipaka ili dawa isitiririke machoni, kisha unapaka dawa yenyewe, nyeupe na nzito, inayouzwa kwa vikopo katika maduka ya dawa za mifugo. Dawa inachoma kifundo mpaka kwenye mzizi. Ndama huhangaika na kutikisa kichwa, halafu hutulia, na baada ya wiki kadhaa gamba linaanguka lenyewe. Kuna watu hapa wamewapofusha ndama wao kwa dawa hiyo. Kobia hakuwahi kumdhuru hata mmoja, na alijivunia jambo hilo kimyakimya.

Mke wake ni Celina, ambaye tunamwita Mama Kinya kwa jina la binti yao wa pekee aliyeolewa mbali, Nakuru. Si mtu wa Meru. Alizaliwa Kanja, upande wa Embu, na Kobia alimpata huko alipokuwa akizungusha mbegu za viazi. Ni mwanamke mfupi, mcheshi, anayecheka kabla hajafika mwisho wa hadithi yake mwenyewe. Wakitembea pamoja kwenda kanisani, yeye ndiye huongea njia nzima na Kobia huitikia kwa kichwa. Nimewaonea wivu zaidi ya mara moja, na marehemu mume wangu anisamehe.

Kila mwisho wa mwezi Mama Kinya alikuwa akienda Kanja kumwona mama yake, bibi aliyeitwa Wanjira. Kwa safari hiyo alikuwa na viatu vyake maalumu, vyeusi, vyenye ncha nyembamba mbele. Nilimwambia vile viatu vilishonewa mtu asiye na vidole. Akacheka, akasema binti haendi kwao kama mtu aliyeshindwa na ndoa. Basi akawa anatoka kwenye gambuti za zizini na kuingia kwenye viatu hivyo, na ukijua nyumba ya mama yake ilivyokaa, utajua kilichofuata.

Nyumba ile iko chini kabisa ya mteremko. Gari linakuacha juu barabarani, kisha unashuka kwa miguu katikati ya kahawa, kwenye vijingazi vilivyochimbwa kwa jembe, unavuka kijito kwa magogo mawili, ndipo unafika. Pikipiki haishuki huko hata wakati wa jua. Katika mteremko kama ule, mguu wote unasukumwa mbele, na kidole kidogo ndicho hulipia. Mama Kinya akaota sugu juu ya kidole kidogo cha mguu wa kulia.

Sugu nazifahamu, nilizipata nikisimama ubaoni. Watu wengi hudhani ni mdudu au ni uchafu ulioingia, na wengine watakuambia umelogwa. Ni ngozi yako tu inayojikinga. Kiatu kikiibana na kuisugua kila siku, inajiongeza unene, na katikati inatengeneza kiini kigumu ambacho ncha yake inaelekea ndani. Ndiyo maana ukiikanyaga unahisi umechomwa na msumari. Nilimwambia aloweke mguu kwenye maji ya uvuguvugu jioni, aisugue taratibu kwa jiwe laini la mtoni, apake mafuta, na zaidi ya yote avae viatu vipana. Aliloweka, akasugua, sugu ikapungua. Mwisho wa mwezi akavaa vile viatu vyeusi, akaenda Kanja, ikarudi na hasira.

"Mwalimu, hii kitu imekataa kuisha," aliniambia.

"Haijakataa. Ni wewe umekataa kuacha hivyo viatu."

Akacheka. Nami nilicheka, kwa sababu bado ilikuwa jambo la kuchekwa.

Mwezi wa nane bibi Wanjira alianguka jikoni, na tangu siku hiyo hakuinuka tena kitandani. Akili ilikuwa timamu na mdomo ulikuwa mzima, lakini miguu ilikataa. Aliyekuwa akimtunza ni Sheila, mke wa mwanawe Muchangi. Muchangi mwenyewe alikuwa Isiolo kwenye kazi za ujenzi. Sheila akapiga simu kwamba mama anauliza Celina atakuja lini, na asije kwa siku moja, aje akae. Mama Kinya akaanza kupanga nguo. Ila sugu wakati huo ilikuwa imeiva, nyekundu pembeni, na hakuweza kutembea hata hadi kwenye duka bila kusimama njiani.

Hapo ndipo Kobia alipoitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Alimkalisha mke wake juani, akaushika mguu magotini mwake, akakigeuza kile kidole huku na huku. Aliona kifundo kigumu, cha mviringo, chenye mzizi ndani. Maisha yake yote alikuwa ameviondoa vifundo vya namna hiyo.

"Hii ni kama pembe tu," alisema.

Watu wamemwita mjinga kwa ajili ya maneno hayo. Mimi huwa nawakatiza. Mtu aliye na jembe huona shamba, na Kobia alikuwa na kile kikopo. Alitaka mke wake ashuke mteremko ule akamwone mama yake, na alikuwa na kitu kimoja duniani alichokijua kuliko wengine wote hapa. Akakitoa.

Ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Alifanya kazi safi, Mama Kinya ananiambia, kama kawaida yake. Alimwosha mguu, akakwangua ngozi ya juu kidogo, akazungushia mafuta ili dawa isitembee, akapaka kidogo tu, akafunika kwa plasta na soksi. Alimwambia atasikia joto, avumilie. Mama Kinya alivumilia. Alishika mikono ya kiti na machozi yakamtoka, na kila Kobia alipouliza kama aitoe, alisema hapana, acha ifanye kazi. Jioni maumivu yakakoma kabisa. Wakafurahi. Kobia alikamua ng'ombe akipiga mluzi, jambo ambalo sijalisikia kabla wala baada.

Maumivu yalikoma kwa sababu kidole kilikuwa kimekufa.

Siku iliyofuata niliitwa nione. Soksi ilipovuliwa, nilinusa kabla ya kuona. Plasta ilitoka na ngozi, na chini yake kulikuwa na shimo la rangi ya maziwa lenye ukingo mweusi, na ndani ya shimo niliona kitu cheupe ambacho sikutaka kukijua ni nini. Nilimgeukia Kobia nikiwa na maneno makali mdomoni. Nilimkuta ameegemea mlango, uso umekuwa wa majivu, nikayameza.

Katika zahanati, daktari alikuwa msichana anayeitwa Kajuju, mpole, mwenye sauti ya chini. Aliuliza ni nini kilichopakwa. Kobia akatoa kikopo mfukoni na kumpa. Alikisoma, akakiweka kando, akaanza kulimwagia lile jeraha maji, mengi, kwa muda mrefu.

"Mzee, pembe ya ndama iko juu ya mfupa wa kichwa," alisema akiendelea kumwaga. "Huku kwa kidole, ngozi ni nyembamba na mfupa uko karibu sana. Dawa imeenda tu hadi chini."

"Nilipaka kidogo," Kobia alisema.

"Naona. Hata kidogo ni nyingi."

Hakumkaripia. Alieleza tu kwamba sugu haichomwi, wala haikatwi kwa wembe, wala haipakwi dawa kali. Inalainishwa na kusuguliwa pole pole, na kile kinachoibana kinaondolewa, basi. Mwenye ugonjwa wa sukari asiiguse kabisa bila daktari. Kobia alisikiliza kila neno kama mtoto anayesomewa adhabu yake. Kisha Kajuju akatuandikia barua ya kwenda hospitali kubwa mjini Meru, na huko, baada ya siku chache za kujaribu, kile kidole kiliondolewa. Jeraha nalo likagoma kufunga. Likawa linatoa maji, linakauka juu, linafunguka tena. Mama Kinya akaambiwa asiukanyage mguu huo hadi atakaporuhusiwa.

Kijiji kilicheka. Sitaficha hilo, maana nilikisikia kwa masikio yangu. Kwenye foleni ya maziwa kijana mmoja alisema mke wa Kobia ameondolewa pembe, sasa hatampiga mtu tena, na watu wazima wakashika mbavu. Nilimwambia kijana huyo kitu ambacho mwalimu mstaafu hapaswi kukisema hadharani. Kobia alikuwa nyuma yangu na mtungi wake. Aliuweka chini, akasubiri zamu yake, akapimiwa maziwa, akaenda nyumbani.

Tangu siku hiyo alimbeba mke wake. Alimbeba mgongoni kama mama anavyombeba mwana, kutoka kitandani hadi juani, kutoka juani hadi chooni, Jumapili hadi kanisani. Mwanzoni watu walitazamana. Mwanamume wa huku habebi mke wake mbele ya watu. Baada ya wiki kadhaa walizoea, na wamama wakaanza kuwauliza waume zao maswali. Mama Kinya alijaribu kuendelea na ucheshi wake. Alisema akiwa huko juu anaona hadi mashamba ya ngano ya Timau. Kobia hakucheka. Sidhani kama alicheka tena mwaka huo.

Na Kanja simu zilizidi. Bibi Wanjira alikuwa akidhoofika. Mama Kinya hakuwaambia juu ya dawa ya pembe, kwa kuwa hakutaka mume wake ageuzwe kichekesho kwa wakwe zake pia. Alisema tu kwamba mguu una sugu iliyoharibika na hawezi kutembea. Nilikuwa nimekaa naye siku moja Sheila alipompa mama simu. Sauti ya yule bibi ilikuwa nyembamba, lakini niliisikia.

"Sugu ndiyo imekushinda kuja kuniona?"

"Mami, nakuja. Ikifunga tu, nakuja."

"Haya. Nitangoja."

Mama Kinya alipokata simu, alilia hadi akashindwa kupumua vizuri. Nilikuwa na hasira, sikujua ya nani, nikaenda kumtafuta Kobia zizini.

"Baba Kinya, gari la kukodi linaweza kumfikisha mpaka juu pale Kanja. Si umbebe umshushe? Mbona hapa unambeba kila siku?"

Alinitazama kwa mshangao, kana kwamba nimemwambia avue nguo sokoni.

"Mwalimu, pale ni kwa mama mkwe."

Hilo nililijua. Sisi huku tuna kitu tunachokiita nthoni, ile haya ambayo ndiyo heshima yenyewe, na hakuna mahali ilipo nzito kama kati ya mwanamume na mama wa mke wake. Kobia aliishika kuliko wengi. Miaka yote ya ndoa alikuwa hajakanyaga ndani ya nyumba ya bibi Wanjira. Akimwona anakuja kijiani, aliingia kwenye kahawa hadi apite. Walisalimiana kwa mbali, kila mmoja akiangalia chini, wakiulizana kuhusu mvua. Mtu kama huyo ashuke mteremko na mke wake mgongoni, mapaja ya mke yakiwa mikononi mwake, ampeleke moja kwa moja hadi chumba anacholala mama mkwe? Alisema angependelea kufa.

"Basi tutafute vijana wa huko wambebe."

"Hataki. Muulize."

Nilimuuliza. Mama Kinya alisema mwili wake haukuumbwa kubebwa na vijana wa watu. Akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba hata Kobia akikubali yeye hawezi kukubali. "Mama amelala tu pale, hawezi hata kusimama atoke. Nimletee aibu kwa kitanda? Wacha mguu upone. Daktari amesema imebaki kidogo." Nilimwona anamlinda mama yake, na Kobia anamlinda mama huyo huyo, na mimi mtu wa nje ningesema nini. Tukakubaliana tungoje.

Jeraha lilikuwa limebaki na tundu dogo sana, la kupitisha punje ya mtama, Sheila alipopiga simu asubuhi moja mwezi wa kumi na moja. Mama Kinya alikuwa juani akimenya viazi. Aliisikiliza simu, akaiweka kwenye sufuria ya maganda, akaendelea kumenya. Alimenya hadi viazi vikaisha. Ndipo akaniambia kwamba mama yake amekwenda.

Siku ya mazishi tulikodi gari, sisi wa kanisa pamoja nao. Mvua ilikuwa imenyesha na ule mteremko ulikuwa matope matupu. Gari liliposimama juu, Kobia alishuka, akavua koti, akakunja suruali hadi magotini, akachutama mbele ya mlango. Hakumuuliza mtu. Mama Kinya akapanda mgongoni kwake, na mguu wake wenye bandeji tukaufunga mfuko wa plastiki. Akashuka naye kwenye vijingazi vile, hatua baada ya hatua, akayavuka yale magogo, akaingia naye uani kwa wakwe mbele ya umati wote. Wazee walitazama pembeni. Hakuna aliyesema neno, na kusema kweli hakukuwa na ubaya wowote. Ilikuwa rahisi namna hiyo. Niliposimama kaburini sikuweza kuacha kuwaza hilo.

Baada ya watu kula na kuanza kutawanyika, Sheila alikuja pale Mama Kinya alipoketi, Kobia amesimama nyuma yake. Ni mwanamke mwembamba, mwenye aibu, na miezi ile ilikuwa imemmaliza. Alipiga magoti, akaushika ule mguu.

"Auntie, kuna kitu cucu alisema kabla hajafa, na mimi sikukuambia."

"Kitu gani?"

"Ni wakati ule ulisema hauwezi tembea. Alisema, si huyo mwanamume ana mgongo? Ambebe tu amlete. Akasema niwaambie wasiogope, wakiingia yeye atafumba macho." Sheila alikuwa akilia. "Nilifikiri ni mzaha. Na tena ni maneno ya mkwe, ningeyasemaje kwa simu? Lakini kila siku mchana aliniambia nifungue mlango. Halafu anafumba macho, anakaa hivyo, anasikiliza. Nikimuuliza kama amelala, anasema hapana, hajalala."

Mama Kinya hakulia. Aliinua mkono bila kugeuka, akamgusa Kobia pajani. Kobia akachutama. Alipokuwa mgongoni kwake, hakumwelekeza njia ya kupanda kwenda kwenye gari. Alionyesha mlango wa nyumba.

Kobia alisita mara moja tu. Kisha akainama, maana mlango ule ni mfupi, akaingia. Niliwafuata hadi kizingitini. Alimpitisha sebuleni, akaingia naye kwenye chumba cha mama mkwe wake, akamweka polepole ukingoni mwa kitanda kilichokuwa kimetandikwa upya. Mama Kinya akaweka kiganja juu ya mto. Kobia naye akarudi nyuma hatua moja, akageuza uso wake ukutani, akasimama hivyo, macho amefumba.